Kaka wa Kuokota

Shangazi hakuwa mtu wa kupiga hodi. Sauti yake ilimtangulia kutoka barabarani, mwenyewe akafuata nyuma, akajitupa juu ya marobota ya vitambaa kana kwamba ni kochi la kwake, akajipepea kwa pindo la pazia la mteja, na ndipo akasema kilichomleta.

"Wanakuja Jumamosi. Mwenyewe na mjomba wake. Nimewaambia waje mapema, jua halijawa kali, tuzungumze kama watu."

Sindano, binti wa nyumba, aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Mashine ikanyamaza, na karakana nzima ikanyamaza nayo.

"Nani wanakuja, shangazi?"

"Wakwe zako," alisema shangazi, akacheka peke yake. "Yule mwenye duka la vitambaa. Usijifanye humjui, si ndiye anayekupimia na kukuzidishia kila ukienda? Mke wake alifariki, hana mtoto, hana makuu. Mwanamume mpole, mpaka unaweza ukamsahau chumbani."

"Hicho ndicho ninachokiogopa," alisema Sindano.

Shangazi hakusikia, au alisikia akaamua kumeza. Alikuwa amemgeukia wifi yake. Mama Mapazia, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi, chaki sikioni. Tangu shangazi aingie hakuwa ameinua macho kwenye kitambaa.

"Mimi sina neno," alisema mama. "Ni mtu mzuri. Ila wageni wa namna hiyo hupokelewa na mwanamume, na mzee wangu unamjua. Tangu kiharusi kimpige ulimi umekuwa mzito. Akisema neno moja, jingine linabaki njiani."

"Mzee apumzike. Nyumba hii ina mwanamume mwingine sasa, au umesahau?" Shangazi alielekeza kidole mwisho wa chumba. "Kaka yake yupo. Kaka ndiye atakayesema."

Mwisho wa chumba, mwanamume aliyekuwa amechuchumaa akitia pete kwenye pazia jeupe aliacha kazi. Pete moja ilimponyoka, ikabingiria hadi chini ya cherehani ya Sindano. Hakuifuata. Aliinua uso, macho yao yakagongana, yakakimbiana papo hapo kama ya watu waliofumaniwa.

"Au vipi, Bwana Mdogo?" aliuliza shangazi.

"Nimesikia, shangazi."

Mama akatabasamu. Kila aliposikia jina hilo likiitwa na mtu akiitika, uso wake ulilainika, na mikunjo ya kando ya mdomo, ambayo Sindano aliizoea tangu utotoni, ikawa haionekani.

Bwana Mdogo lilikuwa jina la mtoto. Mtoto wa miaka sita aliyepotea sokoni siku ya msongamano, mama yake alipouachia mkono wake kidogo tu ili ashike kitambaa ajue uzito wake. Alipogeuka, mtoto hakuwepo. Walitafuta mpaka soli za viatu zikaisha. Walitangaza, wakauliza kila kituo, wakaambiwa leo yuko huku, kesho yuko kule, na kote huko hakuwepo. Mwaka uliofuata fundi mmoja wa pale karakana alifariki, akaacha mtoto wa kike asiye na pa kwenda, na Mama Mapazia akamchukua. Huyo ndiye Sindano. Jina alilipata kwa wembamba wake, na wengine walisema kwa ulimi wake pia.

Sindano alikulia kwenye nyumba iliyojaa mtu asiyekuwepo. Kila mwaka mama alimshonea mwanawe shati jipya, akikisia kimo kwa kutazama wavulana wa rika lake wakipita barabarani. Shati likiisha lilipigwa pasi na kutundikwa kabatini, na la mwaka uliopita likagawiwa. Sindano alijifunza kutia vifungo kwenye mashati hayo. Alimpenda mtoto yule, akamchukia, akamwonea wivu, yote hayo bila kumwona hata siku moja.

Kisha akaja fundi wa kupaka rangi. Alikuwa mtu wa kupita tu, hana mbele wala nyuma, brashi zake ndani ya ndoo na nguo zake kwenye begi moja, leo mji huu kesho mji ule. Aliomba apake geti rangi, akapewa kazi. Mama alipomtolea maji ya kunywa, aliona juu ya kiwiko chake kovu refu la moto, na mwanawe aliwahi kuunguzwa na pasi mkono uleule. Bilauri ikaanguka. Kabla kijana hajajua kumetokea nini, alikuwa amekumbatiwa na mwanamke anayelia, anamwita mwanangu. Hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana, na jioni ile mtaa mzima ulikuwa uani, watu wanalia na kucheka kwa pamoja, na shati la mwaka ule lilipotolewa kabatini lilimkaa, likapungua mikono tu.

Wote wakamwita Bwana Mdogo. Sindano alimwita Rangi, na watu wakadhani ni utani wa ndugu.

Ukweli aliujua baadaye, kwenye nyumba ya mteja mmoja, chumba kitupu chenye madirisha makubwa walichokwenda kukitundikia mapazia. Yeye Rangi alikuwa juu ya ngazi, Sindano chini ameshika fimbo.

"Mimi si kaka yako," alisema Rangi, uso ameuelekeza ukutani. "Kovu hili niliunguzwa na bomba la moshi la lori. Mama yangu simjui. Nimelelewa na kila mtu, na hakuna aliyenilea."

Sindano alikuwa na pini midomoni, hakuweza kujibu. Alizitoa, akazichomeka moja moja kwenye mkono wa blauzi yake, taratibu, apate muda wa moyo kutulia.

"Ungekuwa kaka yangu," alisema hatimaye, "sijui ningejificha wapi."

Rangi akashuka ngazini. Chumba kile hakikuwa na pazia hata moja bado, na nje watu walikuwa wanapita, kwa hiyo hawakugusana. Walisimama tu wakitazamana, kila mmoja ameshika ncha yake ya kitambaa. Sindano alikuwa hajawahi kuwa na furaha inayotisha namna ile.

Tangu hapo wakawa watu wa kuibaiba. Walikula meza moja macho kwenye sahani. Walipishana kwenye ukumbi mwembamba wakibana pumzi. Usiku kila mmoja alimsikia mwenzake akigeuka kitandani upande wa pili wa ukuta. Rangi aliahidi kumwambia mama. Siku zikawa zinakwenda, na ahadi inakwenda nazo.

Shangazi alipoaga, mama alimsindikiza mpaka kona. Wawili wakabaki na mashine.

"Umesema umesikia," alisema Sindano.

"Ulitaka niseme nini mbele ya shangazi? Yule ukimpa neno asubuhi, adhuhuri unasimuliwa wewe mwenyewe."

"Nilitaka useme ulichoniahidi."

"Nitasema."

"Lini? Juzi mzee alikuwa anaumwa. Kabla ya juzi mama alikuwa amefurahi mno, tusimharibie. Kila siku una sababu yake, umeipiga pasi na kuitundika."

Rangi alisogea, akaegemea meza ya kukatia. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala nje mara nyingi, mashavu yameingia ndani kidogo, lakini miezi aliyokaa pale ilikuwa imeanza kuyajaza.

"Asubuhi nilikuwa namnyoa mzee," alisema. "Akanishika shavu, hivi. Akasema 'mwanangu'. Neno zima, Sindano, halikukwama. Mimi sijawahi kuitwa hivyo na mtu anayemaanisha."

"Hakumaanisha wewe. Alimaanisha mwingine."

Lilikuwa neno baya, na alijua ni baya kabla halijamtoka. Rangi aliinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa kibao asichokitegemea.

"Najua," alisema polepole. "Lakini shavu lililoshikwa ni langu."

Sindano alijisikia vibaya, kisha akakasirika kwa kujisikia vibaya. "Na mimi? Mimi nishike wapi? Jumamosi mtu atakaa kwenye kile kiti, aseme anamtaka binti wa nyumba hii, na wote watageuka wakutazame wewe. Wewe, Rangi. Utawaambia nini?"

Rangi akaja karibu, akamshika mkono. Vidole vya Sindano vilikuwa na vidoti vya sindano kama vya kila fundi, na Rangi akavipitishia kidole gumba, kimoja baada ya kingine, kwa namna iliyomfanya Sindano asahau nusu ya maneno aliyokuwa ameyapanga.

"Kabla hawajafika nitakuwa nimesema. Nakuapia."

"Usiniapie. Sema tu."

Walisikia kandambili za mama uani, wakaachana. Mama aliingia, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akatazama na nafasi kubwa iliyokuwa katikati yao.

"Mbona mmekaa mbalimbali hivyo, kama watu waliogombana?"

"Tunapima pazia, mama," alisema Sindano.

"Bila futi?" aliuliza mama, akaurudia mkasi wake.

Jumamosi ikafika na hakuna aliyesema kitu.

Asubuhi hiyo Sindano alimwona Rangi uani akimwogesha mzee, amepandisha suruali mpaka magotini, sabuni mpaka masikioni, na mzee anacheka kwa kile kicheko chake kipya cha upande mmoja. Alimtazama Rangi kwa swali. Rangi akatazama ndoo. Hapo Sindano akajua kwamba kama kuna wa kusema, ni yeye.

Alimkuta mama chumbani, anapiga pasi gauni la maua.

"Mama, wageni wasije."

"Wako njiani."

"Siwezi kuolewa na mtu yule. Nina mtu wangu."

"Najua," alisema mama. Alisimamisha pasi, akaenda kufunga mlango, akarudi. "Nina macho, Sindano. Najua unavyomtazama, na anavyokutazama. Unadhani shangazi yako alizuka tu na mchumba? Mimi ndiye niliyemwomba atafute, na atafute haraka."

Sindano alishika nguzo ya kitanda. "Kama unajua hilo, basi nikwambie na lililobaki. Yule..."

"Usiseme."

"Yule si mwanao, mama."

Alitegemea kilio. Alitegemea kofi, au mama aanguke, na alikuwa amejiandaa kumdaka. Mama alikaa tu ukingoni mwa kitanda, akalaza mikono mapajani.

"Unafikiri simjui mwanangu?" alisema. "Mwanangu akicheka alikuwa na kishimo hapa. Kovu lake lilikuwa dogo, la ncha ya pasi, kama ukucha. Siku ile nilimkumbatia yule kijana, nikamnusa shingoni, nikajua. Machozi yalikuwa hayajafika hata kidevuni, nikajua."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nimechoka. Wewe hujui kuchoka kwa namna hiyo, na sikuombei ukujue. Hakuna mwanamume wa rika lake aliyepita barabara hii nisimkague uso na mikono. Nilikuwa naacha wateja wanaongea peke yao namkimbilia mtu, nafika, si yeye. Siku ile nikajisemea, huyu basi. Huyu anatosha. Yeye hana mama, mimi sina mwana. Tumemwibia nani?"

"Mimi," alisema Sindano.

Nje mzee alikuwa bado anacheka.

"Si lazima umpoteze," Sindano akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inamtoka vipandevipande. "Anioe. Atabaki humuhumu. Atakuita mama vilevile, atamwogesha baba vilevile. Kitakachobadilika ni nini?"

"Atakuwa mkwe. Mkwe ni mtoto wa watu, unamkaribisha, unampa kiti. Mimi sitaki wa kumkaribisha, nataka wa kumfokea akichelewa kurudi." Mama alivuta pumzi. "Na nikisimama mbele ya mtaa nikasema huyu si mwanangu, watasema nini? Kwamba mama amerukwa na akili, ameokota mpita njia akamvisha mashati ya marehemu. Wasemavyo watu ningevumilia. Lakini hilo la marehemu siliwezi. Nikikubali kuwa huyu siye, basi yeye yuko wapi? Niambie wewe. Yuko wapi?"

Sindano alipiga magoti mbele ya mama, kama alivyokuwa akifanya zamani akitaka kusukwa nywele.

"Na mimi je, mama? Miaka yote hiyo ulipokuwa unatazama barabarani, mimi nilikuwa ndani. Mimi ndiye niliyekuwepo."

Mama aliunyosha mkono, ukafika karibu na kichwa cha Sindano, ukasita hapo, ukarudi mapajani.

"Wewe nilikulea vizuri. Hukulala njaa, hukukosa nguo, na ufundi nimekupa."

"Sikuulizi hilo."

"Basi usiniulize lingine," alisema mama, "maana nitakujibu."

Aliinuka, akaning'iniza gauni la maua mlangoni, akazima pasi. "Vaa hili. Wageni wasikukute hivyo. Mimi nina neno na kaka yako."

Wageni walikuja kama walivyoahidi. Mwenye duka la vitambaa alikuwa amenyoa ndevu na kujikata kidogo kidevuni. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, na mjomba wake ndiye aliyeongea. Shangazi alimimina chai, akasifu, akajibu maswali ambayo hakuulizwa. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, nywele zimechanwa vizuri, anamtazama Sindano peke yake.

Sindano aliketi kando ya mlango. Rangi alikuwa mbele yake, amevaa lile shati la kabatini. Mama alikuwa ameishusha mishono ya mikono, sasa linamfika.

"Sisi tumesema yetu," alimalizia mjomba mtu. "Tunajua mzee haongei sana siku hizi, na tunamwombea afya. Lakini habari za nyumba hii tulizisikia, jinsi kijana alivyorudi, na tulifurahi kama wenu. Sasa wewe ndiye kaka wa binti huyu. Tunakusikiliza wewe."

Sindano alimtazama Rangi usoni moja kwa moja, bila kuiba, kwa mara ya kwanza mbele za watu. Hakujali nani anaona. Sema, alimwambia kimoyomoyo. Hata neno moja, hata likwame kama la mzee, mimi nitalimalizia.

Rangi alifungua mdomo. Akamtazama mama. Mama hakuwa amemkazia macho kumtisha, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa ameinama, mkono wake mmoja umeshika kidole cha mkono mwingine, kwa nguvu, kama anayeshika mkono wa mtoto mahali penye watu wengi.

"Mimi ni kaka yake," alisema Rangi. Sauti ilikuwa kavu. "Nyumba imekubali."

Shangazi akapiga kigelegele kifupi, akakikatiza alipoona hakuna anayemuunga mkono.

Kuna maumivu ambayo mtu huyapokea kwa kelele, na kuna mengine yanamkuta mtu ametulia kabisa. Neno la kuibomoa nyumba ile lilikuwa tayari mdomoni mwa Sindano. Alikuwa na uwezo wa kuwaambia wageni kila kitu kwa sentensi moja, na jua halingezama kabla mtaa haujajaa tena uani, safari hii kucheka. Alimtazama mama, mabega yake yaliyopindishwa na cherehani, chaki aliyoisahau sikioni hata leo. Hakuweza. Alijichukia kwa kutoweza, lakini hakuweza.

Akamgeukia mwenye duka la vitambaa.

"Umekuja kwa heshima," alimwambia, "na mimi nakujibu kwa heshima. Siwezi kuwa mke wako. Hujanikosea kitu. Lakini moyo wangu haupo, na nikikwambia upo nitakuwa nakudanganya, na uongo humu ndani umeshatosha."

"Sindano," alisema shangazi, birika likiwa limesimama hewani.

Yule mtu mpole alikunja leso yake, akaitia mfukoni. "Afadhali leo, dada," alisema. Akasimama, akampa mzee mkono, akatoka, na mjomba wake akamfuata akiwa hajamaliza chai.

Siku iliyofuata, Sindano alifungasha nguo zake. Kichwa cha cherehani alichoachiwa na mama yake mzazi alikizungushia blanketi. Mama Mapazia alikuwa karakana, mashine yake inalia bila kupumzika, wala haikupunguza mwendo Sindano alipopita mlangoni na kusimama. Alisimama muda wa kutosha kwa mtu kugeuka. Kisha akaenda.

Mzee alikuwa barazani. Sindano akapiga magoti, akamwekea kichwa mapajani.

"Shikamoo, baba. Naondoka."

Mzee alihangaika na ulimi wake mpaka mshipa wa shingo ukamsimama. "Wewe," alisema. "Wewe ndi... ndi..." Halikutoka. Alimpigapiga mgongoni kwa ule mkono uliobaki na nguvu, na machozi yakamtiririka upande mmoja wa uso. Sindano alilichukua neno lile nusunusu kama lilivyo. Ndilo neno pekee alilopewa katika nyumba ile lililo lake mwenyewe.

Rangi alimfikia kwenye kona akihema. Alitaka kumpokea mzigo, Sindano akauhamishia mkono wa pili.

"Nisikilize kwanza," alisema Rangi. "Mama aliniita jana baada ya kuongea na wewe. Hakunitisha. Ningetishwa ningeondoka, kuondoka nimezoea. Aliniambia, 'Ukienda, nitakuwa nimemwachia mkono mara ya pili.' Ningefanyaje, Sindano?"

"Ungeuachia wangu. Na ndivyo ulivyofanya."

"Nakupenda. Hilo halijabadilika."

"Sijasema limebadilika. Nimesema umechagua." Alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa imetulia. "Mimi nililelewa pale, nikapika pale, nikatia vifungo vya mashati unayovaa. Wewe ulikuja kupaka geti. Leo mtoto wa nyumba ni wewe, na mwenye mzigo barabarani ni mimi."

Rangi alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nisubiri," alisema. "Tafuta kazi mahali, nitajua ulipo. Nisubiri tu. Mama ni mtu mzima, Sindano, na hana afya. Hataishi milele. Siku hiyo ikifika hakutakuwa na mtu wa kuumia, nitakuja, nitakuoa mchana kweupe."

Sindano aliuweka mzigo chini. Alikuwa amedhani jana alimaliza maumivu yote yaliyokuwepo.

"Unaniambia nikae mahali," alisema, "nimngojee mama yangu afe."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hasa. Kila nikiamka nikuwaze, na kila nikikuwaza nihesabu umri wake. Nisikie amepona homa, nisikitike. Rangi, yule ni mama yangu. Hanitaki, lakini ni mama yangu, sina mwingine. Wewe umempata juzi, ndiyo maana unaweza kusema hivyo."

Rangi alifungua mdomo kujibu. Kutoka upande wa nyumba, sauti ya mama ikapaa juu ya ukuta, ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka kusaidiwa kushusha kitu rafuni.

"Bwana Mdogo."

"Naam, mama," aliitika Rangi, na mwili wake wote ukageuka.

Ulikuwa umegeuka kabla yeye mwenyewe hajajua. Alipotambua alichofanya alirudisha uso haraka kwa Sindano, midomo inatafuta maneno, lakini Sindano alikuwa ameshaona. Mtu yule hakuwa anaigiza tena. Pengine aliacha kuigiza zamani, siku za kumnyoa mzee, na wote wawili hawakutambua. Mwanamume aliyemwambia ukweli kwenye chumba kisicho na mapazia hakuwepo tena pale, na hakuna soko ambamo Sindano angekwenda kumtafuta.

"Nenda," alimwambia. "Hapendi kuita mara mbili."

Rangi alisimama kidogo. Kisha akaenda, kwanza kwa kusita, halafu kwa hatua za mtu anayerudi kwao. Sindano alisubiri mpaka geti likafungwa. Akauinua mzigo wake, akalikaza blanketi lisilegee, akashika barabara ya upande wa pili.